Vifaru wa Nebraska na kifua cha Baba

Naandika kutoka Omaha. Samahanini kwa kukaa kimya. Tangu msiba wa Baba mwenzenu sikuwa na hamu ya kuandika. Leo ngoja niwasimulie nilikokwenda Jumamosi.

Rafiki yangu wa kazini, Msudani, aliniambia twende tukaone vifaru. Nikamcheka. Nebraska ni mahindi na ng'ombe tu, vifaru watoke wapi? Tukaendesha kama saa tatu mpaka Ashfall, karibu na kijiji cha Royal.

Basi bwana, vifaru wapo kweli! Ila ni mifupa. Mwaka 1971 mtaalamu mmoja, Michael Voorhies, alikuwa akipita kwenye korongo akaona fuvu la mtoto wa kifaru limechomoza. Walipochimba walikuta vifaru zaidi ya 100. Wengi wameachwa palepale walipofia, miaka karibu milioni 12 iliyopita, na juu yao limejengwa banda kubwa. Unapita kwenye daraja la mbao unawatazama chini.

Wanaitwa Teleoceras. Msiwafikirie kama wale wa Ngorongoro. Hawa walikuwa na miguu mifupi na tumbo kama pipa, kwa umbo utasema kiboko. Hata maisha yao wanayafananisha na ya kiboko: majike wengi na watoto wao, madume wakubwa wachache. Wengine wamekutwa na mbegu za nyasi mdomoni. Kuna jike ana mtoto tumboni.

Enzi hizo hapa palikuwa nyika yenye wanyama wa kwato tele. Farasi peke yao aina tano, na baadhi yao walikuwa na vidole vitatu kila mguu. Ngamia nao walikuwepo! Mimi nilijua ngamia ni wa Uarabuni, kumbe ukoo wake na wa farasi ulianzia huku Amerika Kaskazini, ukavukia Asia, halafu huku ukatoweka miaka kama 10,000 iliyopita. Farasi walirudishwa na Wahispania kwa meli. Wahamiaji wa kweli hao.

Sasa sikilizeni walivyokufa. Volkano ililipuka Idaho, kama kilomita 1,600 kutoka hapo. Upepo ukaleta majivu, ambayo kwa kweli ni vumbi la kioo. Halikuwaua siku ile. Walikuwa wanakula nyasi zenye vumbi na kulivuta, siku baada ya siku, wakawa wanakuja bwawani kunywa maji. Ndege na kobe wako chini kabisa, walitangulia. Juu yao farasi na ngamia. Vifaru ndio wa juu, kwa ukubwa wao walivumilia labda wiki kadhaa. Tena mifupa yao ina vinundu, ambavyo humpata mnyama ambaye mapafu yanamwishia taratibu.

Mwongoza wageni alipofika hapo nikatoka nje. Msudani akadhani joto limenizidi.

Mnajua Baba alivyoponda kokoto Kunduchi miaka yote ile. Mnakumbuka anavyoamka usiku, anakaa kitandani ameshika magoti, anatafuta pumzi. Sisi tukisema baridi, tukisema sigara, ingawa aliacha sigara kabla sijaanza shule. Na vidole vyake vilivyovimba nchani, nani aliuliza? Vumbi la mawe nalo lina chembe zinazochana mapafu, na linaua polepole vilevile. Makaratasi yangu hayakuniruhusu kuja kumzika, mnajua. Nimekuja kumlilia Ashfall, pembeni ya mifupa ya vifaru, watu wakinitazama.

Mdogo wangu, haya nakuandikia wewe hasa. Najua bado unakwenda machimboni. Mama amenificha lakini nimeambiwa. Sikulaumu, watoto wanataka kula. Ila kile kitambaa unachojifunga usoni hakizuii vumbi lile jembamba. Mwagieni mawe maji kabla ya kuponda, na msikae upande upepo unakopeleka vumbi. Ukianza kukohoa usinunue dawa dukani, nenda ukapigwe picha ya kifua, uwaambie kazi unayofanya. Hela ya picha nitatuma mimi.

Shangazi anakuja huko mwezi ujao. Nimempa barakoa nzito, zile za mafundi, boksi tatu. Ziko kwenye begi la bluu, chini ya viatu vya watoto. Zigawe na wenzako.