Walikosa Pumzi

Bibi yangu alipotengeneza togwa aliifunika chunguni akaiacha. Nikakua nikiamini kwamba kinachochachuka kinataka utulivu. Imani hiyo niliibeba hadi maabara moja ya ugenini, nayo ikaniponza.

Huko tulikuwa tukikuza Streptomyces griseus, bakteria wa udongoni ambao kutokana nao Albert Schatz aligundua streptomaisini mwaka 1943, huko Rutgers, Marekani. (Tuzo ya Nobel ya mwaka 1952 alipewa mwalimu wake, Selman Waksman, peke yake. Jambo hilo hunichoma hadi leo.) Bakteria hao si kama wa togwa, bila oksijeni hawakui. Na maji, ndugu msomaji, ni bahili wa oksijeni: lita nzima ya maji ya uvuguvugu hushika kama miligramu 8 tu, na bakteria wakishakuwa wengi huimaliza katika dakika chache. Kwa hiyo hewa iliyochujwa hupulizwa chini ya chombo usiku na mchana, na mapanga huzunguka ndani yake kuyavunja mapovu yawe madogo, oksijeni iyeyuke upesi. Tatizo ni kwamba bakteria hawa hukua kama nyuzi. Nyuzi zikisongamana, mchuzi huwa mzito kama uji na hewa haipenyi. Ukikoroga kwa kasi mno, nyuzi zinakatika.

Usiku wa zamu yangu povu lilipanda karibu na kifuniko. Nilifundishwa kutia dawa ya kuzuia povu, tone baada ya tone. Mimi nikapunguza mwendo wa mapanga, nikasinzia kitini. Alfajiri kipimo cha oksijeni kilikuwa kwenye sifuri. Bakteria walikuwapo, tena wengi, ila dawa waliyoitoa ilikuwa haba mno. Kazi ya siku sita ikamwagwa.

Baba yangu alichomwa sindano za dawa hiyo kwa miezi, katika wodi ya kifua kikuu. Ilimponya, ikamwachia mvumo masikioni. Nilipokuja likizo nilimsimulia kisa changu kwa sauti kubwa, nikicheka.

"Kwa hiyo hao wadudu walikosa pumzi," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na wewe ulikuwa umelala."

"Nilikuwa nimelala, baba."

Hakucheka. "Wewe hujawahi kukosa pumzi," akasema, akaendelea kumenya mhogo wake.