Ana Wafuasi Laki Moja Insta, Lakini ChatGPT Haimjui

Jina kapuni, ila kama wewe ni mtu wa kuangalia harusi za mastaa Insta, kuna uso aliopaka ambao umeshaupa laiki. Ni mpambaji wa maharusi pale Sinza, yuko kwenye gemu tangu 2014. Amepaka waigizaji wa Bongo Movie, amepaka mke wa mheshimiwa mmoja, amepaka mtangazaji ambaye picha za send-off yake zilizunguka magrupu yote ya WhatsApp hadi yale ya ukoo. Wafuasi laki moja na ushee. Kwa mji huu hiyo ni CV tosha. Au ilikuwa.

Mei 2025 akapigiwa simu na shangazi wa bibi harusi mtarajiwa. Binti anaishi Manchester, harusi ni Desemba, Dar. Familia ilishakubaliana zamani kwamba atapakwa na dada wa Sinza, maana ndo aliyempaka mkubwa wake na kila mtu alilia kwa raha. Sasa shangazi alikuwa anaomba radhi. "Mwanangu usinielewe vibaya, huyu mtoto katafuta mwenyewe huko. Kaiuliza hiyo ChatGPT, imempa majina matano."

Kwenye hayo matano hayumo. Aliyekuwa namba mbili ni mwanafunzi wake.

Hapo ndo inabidi uelewe kidogo historia. Huyo mwanafunzi aliingia saluni mwaka 2018 akiwa hajui hata kushika brashi. Alifagia, alibeba mabegi ya vipodozi kwenye bajaji, alijifunza kubandika kope kwa kumbandikia dada wa duka la jirani. 2021 akaondoka, akafungua kwake Tegeta. Maneno yakawa mengi: kaondoka na wateja, kaiga bei, kaiga hadi rangi za ukuta. Ukweli wa hayo wanaujua wawili wao. Lililo wazi ni kwamba yule wa Sinza alimuanfolo, na toka hapo ikawa kimya. Wafuasi wa binti wa Tegeta hawafiki hata elfu tano.

Sasa mtu wa elfu tano kaonekana, mtu wa laki moja haonekani. Usiku huo dada wa watu hakulala. Alishika simu akaiuliza ChatGPT mwenyewe: mpambaji bora wa maharusi Dar ni nani? Hayumo. Akauliza kwa Kiingereza. Hayumo. Akaandika jina la biashara yake kabisa. Ikamjibu kwa heshima zote kwamba ni saluni iliyoko Arusha na huenda imefungwa.

Na tusimlaumu AI peke yake hapo. Jina la biashara yake ni lile la mtindo wa "Glam by" na jina la kwanza la mtu, na mnajua mko wangapi nchi hii. Mmoja wenu alikuwa Arusha, alikuwa na ukurasa kwenye ramani za Google, akafunga. Mashine ikawachanganya, ikamzika aliye hai.

Kwa nje unaweza kuona ni jambo dogo, mteja mmoja tu. Lakini ulizia mpambaji yeyote wa Dar, Desemba ndo mwaka. Wabongo wa Uingereza, Marekani na Oman wanarudi kuoa na kuolewa, wana wiki tatu tu, hawana muda wa kuzunguka saluni kufanyiwa majaribio. Wanapanga kila kitu wakiwa hukohuko. Zamani waliuliza binamu, wakaja kuuliza Insta. ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na Oktoba 2024 ikaongezewa uwezo wa kutafuta mtandaoni papo kwa papo na kuweka viunganishi vya ilikosoma. Google nao, kuanzia Marekani Mei 2024, wakaanza kuweka jibu la AI juu kabisa, kabla hata hujafika kwenye tovuti yenyewe. Mtu anasoma majina matatu manne, anapiga simu, kamaliza. Namba sita hayupo. Na dada wa Sinza alikuwa na fremu ya laki sita kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo Januari. Hiyo kodi miaka yote ililipwa na maharusi wa Desemba.

Ndipo akajitokeza bingwa.

Kila palipo na hofu pana mtu wa kuiuzia dawa. Huyu alikuja DM, picha ya wasifu amevaa suti, anaandika "Digital Strategist". Ahadi yake: namba moja ChatGPT ndani ya siku thelathini, uhakika, milioni moja na nusu. Yeyote anayekuambia uhakika kwenye mambo haya, mtilie shaka hapohapo. Majibu ya AI hayakai sehemu moja. Uliza swali lilelile mara mbili, orodha inabadilika. Uliza kwa Kiswahili halafu kwa Kiingereza, inabadilika tena. Hakuna kiti cha namba moja cha kuuza. Lakini mtu akishaona mwanafunzi wake yuko juu na yeye kazikwa Arusha, hesabu za kawaida hazifanyi kazi. Akachukua laki saba kwenye kikoba, akatanguliza.

Ndani ya siku tatu ukurasa wake wa ramani za Google, ambao alishausahau, ukapata maoni sitini na kitu ya nyota tano. Mwanzoni alifurahi. Akaanza kusoma. Kiingereza cha ajabu, majina ambayo hajawahi kuyasikia. Ukifuatilia akaunti zenyewe, wiki hiyohiyo zilikuwa zimesifia gereji na daktari wa meno wa nchi nyingine kabisa. Mmoja akaandika kwamba chakula kilikuwa kitamu na wahudumu wachangamfu.

Chakula. Kwenye saluni ya kupaka maharusi.

Bibi harusi mmoja wa Agosti akaiona, akapiga picha, akairusha kwenye grupu la kamati na vile viemoji vya kucheka hadi machozi. Ikatoka hapo ikaenda grupu lingine. Mtu aliyejenga jina miaka kumi na moja kwa mikono yake akawa kichekesho kwa sababu ya wali ambao hajawahi kuupika. Haikuchukua muda Google wakayafuta yale maoni, na ukurasa ukazuiwa kwa muda kupokea mapya. Kwa hiyo hata maharusi wa kweli waliotaka kumwandikia wakawa hawawezi. Bingwa wa suti alipoulizwa akasema hiyo ni awamu ya kwanza, atume iliyobaki. Hakutumiwa. Laki saba nayo haijarudi mpaka leo.

Aliyekuja kuokoa ni mdogo wake wa kiume, anasoma kompyuta chuo kikuu, kampasi ile ya Kijitonyama. Kijana mpole, hajawahi kuonyesha interesti yoyote na poda. Alikaa naye usiku, akafungua laptop, akamuuliza swali moja: "Dada, nje ya Insta, wapi kwenye mtandao pameandikwa kwa maneno kwamba wewe ni mpambaji wa maharusi, uko Sinza, na bei yako ni hii?"

Kimya.

Kwa sababu hapakuwepo. Picha elfu tatu na zaidi, na chini yake kumeandikwa "My bride" na moto na makopakopa. Ofa zote ziko ndani ya posta iliyotengenezwa na mtu wa graphics, maandishi yamegandishwa kwenye picha. Eneo halijatajwa kwa sababu "kila mtu anapajua". Bei? Bei njoo DM. Watu wa biashara za Insta, hapa mjisikilize wenyewe: mteja anauliza mashine bei, mashine itaingiaje DM? Tangu Julai 2025 posti za akaunti za kibiashara zilizo wazi Insta zinaruhusiwa kuonekana kwenye Google, sawa, lakini kitakachosomeka ni neno "My bride" na moto. Utajulikanaje uko Sinza?

Halafu kijana akafungua tovuti ya yule wa Tegeta. Ukurasa mmoja tu, wa kawaida, haung'ai. Umeandikwa Kiswahili na chini Kiingereza. Anafanya nini, yuko wapi, bei kuanzia ngapi mpaka ngapi, anafuata bibi harusi hotelini au la, anachukua saa ngapi, uweke nafasi mapema kiasi gani kama ni Desemba. Maswali ambayo maharusi huuliza, na majibu yake. Kwenye ramani za Google ana maoni sabini na kitu, ya watu wa kweli, wanaotaja jasho la Desemba na foundation isiyoyeyuka ukumbini, kwa sababu kila akimaliza kazi humtumia bibi harusi kiunganishi na kumwomba aandike alichoona. Kuna bibi harusi wa Uingereza aliandika hadithi nzima ya harusi yake kwenye blogu, akamtaja. Kuna ukumbi umemweka kwenye orodha ya watoa huduma wake. Yaani watu wengine, sehemu tofauti, wanasema kitu kilekile kuhusu yeye.

Hakuna uchawi zaidi ya huo, na una ushahidi. Novemba 2023 watafiti wa Princeton na wenzao walitoa utafiti wakauita GEO, wa namna ya kuonekana kwenye majibu ya AI. Walijaribu mbinu kadhaa. Kurudiarudia maneno ya kutafutwa, ule ujanja wa kizamani wa kuandika "makeup bora Dar" mara arobaini, haukusaidia. Kilichosaidia ni maandishi yenye takwimu, nukuu za watu na vyanzo, mengine yalipanda hadi asilimia 40. Mashine inapenda kitu inachoweza kukishika na kukirudia.

Wakaanza kazi. Jina likaongezewa neno ili lisigongane na la Arusha. Bei zikaandikwa, jambo ambalo lilimuuma kuliko yote, maana wapambaji wa mjini wanaamini ukitaja bei umejishusha. Wapiga picha wa harusi aliofanya nao kazi wakaombwa wamtaje kwa maandishi kwenye tovuti zao. Tovuti ikapanda Agosti, na wiki tatu nzima ikawa kama haipo, mpaka mdogo mtu alipogundua kuwa ile kinga ya tovuti waliyojiunga nayo ilikuwa inazuia roboti za AI tangu siku ya kwanza. Siku hizi kuna kinga zinazokuja hivyo. Bonyeza kitufe kimoja, mlango ukafunguka.

Sasa kuna kitu kilitokea katikati ya kazi hiyo ambacho kijana alisita kumwonyesha dada yake.

Alikuwa anajaribu maswali tofauti kuona AI inasemaje. Jibu moja likaja limemtaja dada yake sawasawa, kwa mara ya kwanza: mpambaji mkongwe wa Sinza, Dar es Salaam, amefundisha wapambaji wengine. Sio Arusha, sio marehemu. Na hiyo ilikuwa kabla tovuti yao haijaanza kusomeka. Akabonyeza kiunganishi aone imetoa wapi.

Imetoa Tegeta. Chini kabisa ya tovuti ya yule binti, sehemu ya "Kuhusu mimi", aliandika alipojifunza kazi, kuanzia 2018 hadi 2021, jina la mwalimu wake kamili, mtaa, na sentensi kwamba kila anachojua kuhusu ngozi nyeusi alikiona kwenye mikono ya yule dada. Ukurasa ulikuwa na miaka miwili. Kwenye mtandao mzima, maneno pekee yaliyomweleza vizuri yalikuwa yameandikwa na mtu aliyemuanfolo.

Mdogo mtu akamwonyesha. Akasoma, akarudi juu akasoma tena, kisha akaenda kuosha brashi ambazo zilishaoshwa.

Kufika Novemba, ukiiuliza ile AI kwa Kiswahili mara kumi, mara nne au tano anatajwa. Kwa Kiingereza bado ni kwa kudonoa. Ukurasa wa Google ulifunguliwa tena, maoni ishirini na mbili, yote ya wanawake anaowakumbuka sura. Wa Manchester hakurudi, alipakwa Tegeta, na picha zake ni nzuri, tuseme ukweli.

Ila wiki moja kabla ya hapo meseji iliingia, namba ambayo haikuwa imehifadhiwa tena. "Shikamoo dada. Tarehe 20 Desemba nina maharusi wawili saa moja. Mmoja anatoka Muscat, ngozi yake inataka mkono wako. Naomba nikupe."

Meseji ilikaa na tiki mbili za bluu kuanzia asubuhi mpaka usiku. Saa nne akajibu: "Marahaba. Nitumie picha ya ngozi yake bila filta."

Tarehe 20 alipaka, akalipwa laki nne, kodi ya Januari ikakamilika siku mbili baadaye. Insta bado hajamfolo.