Dagaa na Mizani Mkuyuni

Msafiri atokaye mjini Mwanza kwa njia ya Nyegezi hupita Mkuyuni, mtaa uliopewa jina la mti wa mkuyu, majabali upande mmoja na ziwa upande wa pili. Asipite tu; na aingie sokoni kwa wauza dagaa.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa ziwavutazo juu ya maji. Mbalamwezi ikiwaka, taa haifai kitu. Ndiyo sababu siku za katikati ya mwezi, tuzifungazo kwa sunna, wavuvi wengi hupumzika.

Tazama namna ya kuanika. Wakianikwa mchangani hubeba mchanga, nao mchanga una uzito: mnunuzi hulipia kisicholika. Wakianikwa juu ya chanja hukauka safi. Lakini chanja hutaka gharama, na mjane mwenye mtaji mdogo huiona nzito.

Sura ya Al-Mutaffifin yawaonya wajitimiziao haki yao na kuwapunja wenziwao. Basi, ndugu msomaji, ukiwakuta dagaa wa chanja, usimshurutishe muuzaji bei ya dagaa wa mchangani. Nasi wanunuzi tuna mizani yetu, na tutaulizwa juu yake.