Usangu Ilivyoonekana Kutoka Juu

Ndugu msomaji, sisi wa Chimala twaijua Usangu kwa miguu: vumbi la Septemba, tope la Machi, na mpunga ukiiva Mei. Lakini mwishoni mwa kiangazi kilichopita niliiona kwa njia nyingine. Mpwa wangu, asomaye upimaji wa ardhi, alikuja likizo na karatasi kubwa yenye rangi. Akasema, "Mjomba, hii ndiyo nchi yetu." Nikacheka. Nchi gani yenye rangi ya damu?

Akanifahamisha. Picha hizo hupigwa na setilaiti. Ile ya kwanza ya jamii ya Landsat ilirushwa na Wamarekani mwaka 1972. Za leo, Landsat 8 na 9, kila moja hurudi juu ya mahali palepale baada ya siku 16. Jani bichi hurudisha kwa wingi mwanga fulani ambao jicho la mtu halioni. Mashine huuona, na watengenezaji wa picha huupa rangi nyekundu ili tuutambue. Basi penye majani mabichi huwa pekundu, maji mengi yaliyo safi huwa meusi, na ardhi tupu huwa kijivu au kahawia. Kila doa la picha ni kipande cha mita 30 kwa 30. Nyumba yako hutaiona, bali shamba kubwa utaliona.

Kesho yake tukaichukua picha safarini. Basi likatuvusha Kimani hata Igawa, penye mto Mbarali, kisha tukapanda pikipiki. Penye kijivu tulikuta vumbi kweli. Lakini katikati ya kijivu palikuwa na michirizi myekundu, nayo ilifuata mifereji. Tukaufuata mmoja kwa miguu. Nilitumaini kuona vitunguu na nyanya. Vilikuwapo, ila kidogo. Sehemu kubwa ya wekundu ule ilikuwa magugu mabichi katika majaruba yaliyokwisha kuvunwa, na maji yakitiririka humo bila mwenyewe.

"Picha hunionyesha mahali pabichi," akasema mpwa wangu. "Haisemi kama ni chakula au magugu. Lazima mtu aende akatazame."

Kisha akanionyesha kwa kidole bwawa la Ihefu, ambalo tangu mwaka 2008 limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mito yetu huingia humo, lakini maji hutokea mahali pamoja tu, penye mwamba wa Ng'iriama. Ni kama chungu: maji yakishuka chini ya mdomo hayamwagiki tena, ijapokuwa ndani yamebaki. Ndiyo sababu Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka kiangazi tangu mwaka 1993, na viboko wakasongamana katika madimbwi.

Hapa sina budi kukiri. Miaka mingi barazani nimewalaumu wafugaji peke yao. Walihamishwa Ihefu mwaka 2006 na 2007, na mto uliendelea kukauka. Na mfereji ule tuliousimamia, ndugu msomaji, ndio unaonywesha jaruba nililorithi kwa mama yangu. Nilivuna Juni nikaenda zangu. Mlango wa maji sikuuziba.

Mzee mmoja jirani wa shamba alipoiona picha akauliza kwa hofu, "Huyo wa juu ameniona hata mimi?" Mpwa wangu akamjibu kwa adabu, "La, babu. Ameona shamba tu. Mwenye shamba anajijua."

Mzee akanyamaza kitambo, kisha akaniazima jembe. Nikakata udongo nikaziba mlango wangu, naye akaziba wake. Mifereji ni mingi, na milango miwili si kitu kwa Ruaha. Lakini maji yetu yale yalirudi mtoni jioni ileile, tukayaona yakienda.

Nawe uliyevuna, nenda ukatazame mlango wako.