Wikiendi ya Lisbon, bila ratiba

Wadau, mimi ni mtu wa ratiba, lakini safari hii sikuwa nayo kabisa. Shoga yangu uchumba ulivunjika mwezi uliopita, kula hali, kulala halali. Tukaona tiketi za Lisbon bei poa, Ijumaa jioni tukaondoka Uingereza na begi la mgongoni tu.

Siku mbili hatukuingia makumbusho hata moja! Tulizurura Alfama, mtaa wa kale uliosalimika kwenye tetemeko la 1755 lililobomoa sehemu kubwa ya mji. Vichochoro vyembamba, nguo zimeanikwa madirishani, kama uko Mji Mkongwe Unguja vile, ila huku vilima jamani, magoti yanalia. Tramu namba 28 ilipita imejaa hadi mlangoni, tukaiacha.

Kituko kilikuwa mgahawani. Mhudumu katuonyesha kwa mkono, akasema "mesa". Shoga akadakia, "Kumbe Kiswahili anajua!" Nikamwambia meza, leso, gereza, yote hayo yametoka kwao, walifika pwani yetu 1498 na wala hawakuja kutalii. Akacheka mpaka machozi. Halafu yakawa machozi ya kweli.

Sikumuuliza kitu. Nikaagiza pastel de nata nyingine mbili, za moto, nikazinyunyizia mdalasini, tukakaa pale mpaka wanafunga.

Jumapili uwanja wa ndege ananiuliza, "Mwezi ujao wapi?" Haya, nitajieni miji, ila isiyo na vilima.