Yaya, na wewe umekula?

Ndugu msomaji, kwenu ni nani anagawa bukari? Kwetu ilikuwa yaya. Mama alipokufa, baba alikuwa kazini mugodini, na yaya akaacha masomo juu yetu. Alijaza sahani zetu tatu, kisha akasema: "Mie nimekwisha kula kwa jirani." Tulimwamini.

Nilimkumbuka nilipotazama filmu ya Japani, "Nobody Knows", ya Kore-eda Hirokazu, iliyotoka mwaka 2004. Mama mmoja anaacha watoto wanne peke yao katika nyumba ya Tokyo. Mkubwa, Akira, ana miaka 12. Anapika, anahesabu feza, na maji yakikatwa anayachota bustanini. Mwaka mpya ukifika anatia feza katika bahasha na kuomba mwanamke wa duka aandike majina, ili wadogo wafikiri mama ndiye amewatumia. Hataki kuita wakubwa, anaogopa watoto watatenganishwa.

Lakini mutoto hawezi kuwa baba na mama. Kitinda mimba, Yuki, anaanguka toka kwenye kiti na kufa. Upendo wa Akira haukupunguka. Kilichokosekana ni mutu mzima wa kugonga mlango.

Siku moja nilimshukuru yule mama jirani. Akashangaa: yaya hakula kwake hata mara moja! Toka jioni ile alileta sahani ya nne.

Kijana, leo kabla ya kunyoosha mkono, muulize mkubwa wako: "Na wewe umekula?" Wala usiamini jibu la kwanza.