Mali Bila Daftari

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Zamani nilidhani methali hii ni ya wenye maduka peke yao. Lakini msomaji mpendwa, likizo ya Aprili ilinifunza kuwa hata mwalimu ana mali yake, tena huweza kumponyoka asijue.

Mama yangu ni mwalimu wa shule ya msingi hapa kwetu Voi. Likizo hiyo aliitwa kwenye semina ya walimu ya siku tano. Semina za mtaala wa umilisi zimekuwa nyingi tangu mtaala huo uanze kutumika nchini kote mwaka 2019. Sisi wa kidato cha tatu hautuhusu, kwani ndisi kundi la mwisho la 8-4-4, tuliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023. Kwa hivyo mimi sikujali semina. Nilichojali ni kwamba juma zima ningepika mimi.

Jioni ya kwanza alirudi na daftari jipya la kurasa 96. Nikamtania, "Mama, kumbe hata nyinyi walimu mnapewa kazi ya ziada?" Akacheka. Ati kila asubuhi mwezeshaji anawapa dakika kumi za kuandika kimya kimya. Maswali ni matatu: Ni somo gani unalolikumbuka? Ni nini kilikushinda? Ukirudi darasani utabadilisha nini? Daftari halisahihishwi, na hakuna anayesoma la mwenzake bila ruhusa. Mwezeshaji aliwaeleza habari za Donald Schön, msomi wa Marekani aliyeandika mwaka 1983 kwamba mtaalamu hujifunza kwa kuitafakari kazi yake anapoifanya na baada ya kuifanya, wala si kwa kufuata kanuni za vitabuni tu.

"Na si andalio la somo lina nafasi ya tafakari mwishoni?" Mama akasema, kama anayejiuliza mwenyewe. "Mimi kila siku huandika 'Somo lilifaulu.' Hata siku ambayo nusu ya darasa walisinzia!"

Shule zilipofunguliwa aliendelea kuandika kila usiku baada ya chakula. Usiku mmoja wa Alhamisi akalisahau daftari juu ya meza. Nakiri mbele yenu kwamba nililifungua. Nilisoma ukurasa mmoja tu. Aliandika kuwa siku ya Jumatatu alimwambia mtoto mmoja wa Gredi ya Tano, mbele ya darasa zima, "Wewe hata unakuja shule kufanya nini?" kwa sababu alishindwa kusoma aya fupi. Wenzake wakacheka. Mama naye akacheka. Tangu siku hiyo mtoto hakuonekana tena. Mwisho aliandika: "Na kwenye andalio la Jumatatu nilijaza 'Somo lilifaulu.'"

Nilipigwa na butwaa. Nilipokuwa darasa la sita mwalimu mmoja aliniambia maneno karibu sawa na hayo kuhusu Hisabati. Nilimchukia, na somo lake nikalichukia pia. Miaka yote hiyo sikuwahi kufikiri kwamba huenda naye alirudi kwake jambo hilo likamnyima usingizi.

Kutwa nzima ya Ijumaa nilimkwepa Mama. Jumamosi nikashindwa kuvumilia, nikamwambia nililofanya. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwa hivyo sasa niwe ninaandika uongo humu pia?" Neno hilo liliniuma kuliko kiboko. Nikamwomba radhi. Halafu, sijui nilitoa wapi ujasiri, nikamwuliza, "Mama, umeenda kwao?"

Alikuwa hajaenda. "Nitaenda kusema nini?" akasema.

"Yale yale uliyoandika."

Jumapili jioni alikwenda. Mtoto alikuwa ameanza kuuza njugu kwenye steji. Waliongea nini mimi sikuambiwa, wala sikuuliza. Jumatano alirudi darasani. Mama asema bado anasoma kwa kusitasita, lakini sasa humsomea yeye peke yake wakati wa mapumziko, na hakuna wa kumcheka.

Sasa nageuka kwetu sisi. Tumefundishwa shajara katika Kiswahili, na muundo tunaujua: tarehe, siku, nafsi ya kwanza. Lakini semeni ukweli wenzangu, nani kati yetu amewahi kuandika ukweli? Mimi niliandika kwamba nilizuru Mombasa na shangazi yangu mpendwa. Shangazi huyo sina! Nikapata 16 kwa 20. Siwalaumu walimu wetu. Kitu kinachosahihishwa lazima mwenyewe akipambe, kama vile Mama alivyolipamba andalio lake.

Ombi langu kwa chama chetu ni dogo. Kila Ijumaa, kabla ya kikao kuanza, tupewe dakika kumi na maswali matatu kama yale ya semina. Daftari likae na mwenyewe. Lisikusanywe wala lisitiwe kalamu nyekundu. Rafiki yangu mmoja asema tutachora magari tu. Huenda wengine watachora. Lakini hata dakika kumi za kuchora si hasara kubwa, wacha tujaribu.

Mimi tayari nimejaribu, na nilianza na Hisabati. Kila nilipokwama niliandika nimekwamia wapi. Wiki ya tatu nikasoma kurasa zote tangu mwanzo, na nikaona jambo moja: karibu kila mahali nilipokwama pana akisami, yaani zile nusu, robo na thuluthi. Na akisami ndizo tulizokuwa tukifundishwa darasa la sita, siku zile nilipokaa nyuma nimenuna, sisikii la mtu. Nimemwendea mwalimu wangu wa Hisabati nikamwonyesha ukurasa huo kwa hiari yangu, na tumeanza upya, na vitu vya watoto wadogo. Nikichekwa, potelea mbali.

Mali yangu ilipotelea pale, nami miaka yote hiyo sikuwa na habari.